Sanamu za nyumbani za Karne za Kati

Siku hizi mafundi wa Ulaya na wa Marekani wanauza sanamu zilizopigwa chapa juu ya bati la alumini. Rangi hutiwa kwanza juu ya karatasi. Kisha karatasi hulazwa juu ya bati lililopakwa dawa ngumu inayong'aa, na vyote viwili hubanwa katika mashine yenye moto wa kadiri ya digrii 200. Kwa moto ule rangi inageuka kuwa mvuke, inaingia ndani ya dawa, na humo inakaa. Sanamu ya namna hiyo haiogopi unyevu, mchwa hawaili, na mama wa nyumba anaweza kuipangusa kwa kitambaa chenye maji. Na kati ya sanamu ambazo watu wanapenda kuzitundika katika saloni, yaani chumba cha kupokea wageni, ziko zile za Karne za Kati zenye kuonyesha mambo ya nyumbani: mama karibu na meko, baba katika kazi ya mbao, mtoto anajifunza kutembea, wakulima wanaota moto wakati wa theluji.

Tunataka kusimulia sanamu hizo zimetoka wapi na zilichorwa kwa ajili ya nani. Kwa maana mtu akitundika sanamu ukutani mwake, ni kama kumpokea mgeni wa kukaa, na mgeni wa kukaa huulizwa jina lake na ukoo wake.

Wenye elimu wanaita Karne za Kati ile miaka elfu moja hivi, tangu mwaka 500 mpaka mwaka 1500. Sanamu tunazozisema ni za mwisho wa muda huo, hasa kati ya mwaka 1400 na 1500. Nyingi zilitoka Flandria, Uholanzi, na Ujerumani kandokando ya mto Rhine. Flandria tunaijua kwa jina, maana ndiko walikotoka wengi wa mapadri na masista waliofika kwetu Kongo.

Tuingie kwanza katika nyumba za watu wale. Nyumba ya bwana mkubwa ilikuwa na kuta za mawe zenye baridi, na juu yake vilitundikwa vitambaa vizito vilivyofumwa kwa sufu na hariri, vyenye sura za wafalme, za wawindaji na za watakatifu. Mafundi wa Arras na wa Tournai walisifiwa sana kwa kazi hiyo, hata Waitalia mpaka leo wanaita kitambaa cha namna hiyo arazzo, kwa jina la mji wa Arras. Mtu wa kadiri, mwenye duka au karakana, hakuweza kulipa bei ile. Pengine alinunua kitambaa cha kitani kilichopakwa rangi tu. Na maskini alikuwa na nini? Ukuta wa udongo, chokaa akipata, na moshi wa meko. Kama alikuwa na kitu kitakatifu nyumbani, ni msalaba wa mti, au alama ndogo ya risasi aliyoileta kutoka mahali pa hija.

Kilichobadilisha mambo ni karatasi. Zamani vitabu viliandikwa juu ya ngozi za kondoo na za ndama, na ngozi ni ghali. Karatasi ilizaliwa Uchina, ikapita kwa Waarabu, ikafika Hispania na Italia. Mwaka 1390 mfanyabiashara mmoja, Ulman Stromer, aligeuza kinu kimoja cha karibu na mji wa Nürnberg kuwa kinu cha karatasi, cha kwanza katika nchi za Wajerumani. Huko matambara ya kitani yalipondwa kwa nguvu ya maji mpaka yakawa kama uji, na uji ule ukakaushwa kuwa karatasi. Basi nguo kuukuu za watu zilianza kuwa sanamu za watakatifu.

Chapa ya kwanza ilikuwa ya mti. Fundi alichora sura juu ya ubao, akachonga na kuondoa mti wote usio mstari, akapaka wino, akagandamiza karatasi. Ubao mmoja ulitoa karatasi mamia, na sanamu iliuzwa kwa bei ndogo milangoni pa makanisa na masokoni. Moja ya hizo ina mwaka wake: ni sanamu ya Mt. Kristofa akivuka mto na Mtoto Yezu mabegani, yenye tarehe ya 1423. Ilionekana imebandikwa ndani ya jalada la kitabu cha watawa wa Buxheim, kule Ujerumani ya kusini, na leo inatunzwa Manchester. Chini yake maneno ya Kilatini yanaahidi kwamba mtu akiutazama uso wa Kristofa, siku hiyo hatapatwa na kifo kibaya. Ndiyo sababu watu walipenda kumweka mahali pa kuonekana asubuhi.

Tuangalie jambo hili vizuri. Kwa nini sanamu ile imefika mpaka kwetu? Kwa kuwa ilifungwa ndani ya kitabu. Zile nyingine, za ubao uleule, zilizobandikwa ukutani kwa nta au kwa misumari midogo, zilikula moshi, zikapasuka, zikatupwa motoni pamoja na takataka. Sanamu zilizokaa kweli katika nyumba za watu wa kawaida karibu zote zimepotea. Tutalirudia neno hili tutakapofika kwa wakubwa.

Moja iliyokaa ukutani haikupotea, na habari yake ni ya ajabu. Katika mji wa Forlì, nchi ya Italia, palikuwa na shule, na ukutani mwake karatasi moja ya chapa ya mti: Bikira Maria na Mtoto, na watakatifu wakimzunguka pande zote. Mwezi wa Februari mwaka 1428 nyumba ile ilishika moto ikateketea, na karatasi ikaonekana haikuungua. Watu wa mji waliichukua kwa maandamano mpaka kanisa kuu, na iko huko hata leo, katika kikanisa walichoijengea na kuihamishia mwaka 1636. Wanaiita Madonna wa Moto. Kila tarehe 4 ya Februari mji mzima unamwadhimisha. Wataalamu nao wanaistahi kwa sababu yao wenyewe: ni mojawapo ya chapa kubwa za kale sana ambazo zimebaki. Karatasi ya shule, iliyonunuliwa kwa bei ndogo!

Je, Kanisa lilisema nini juu ya sanamu za nyumbani? Tumsikilize Mwenye Heri Giovanni Dominici, Mdominikani wa Firenze, aliyefanywa baadaye kardinali, akafa mwaka 1419. Mwanzoni mwa karne ya 15 alimwandikia mama mmoja, Bartolomea wa ukoo wa Alberti, kitabu cha kumfundisha namna ya kuangalia nyumba na watoto. Mama huyo alikuwa na shida, kwa maana mume wake alikuwa amefukuzwa mjini, naye amebaki peke yake na watoto. Padri akamshauri kuweka nyumbani sanamu za watoto watakatifu, ili hata mtoto anayefungwa bado nguo za uchanga afurahi kuona mwenzake. Amwone Yezu akinyonya, Yezu akilala mapajani mwa mama yake, Yohane Mbatizaji akiwa mtoto mdogo. Wasichana wamwone Mt. Agnesi na mwana-kondoo wake. Aliwataka hata wavulana waone mauaji ya watoto wa Betlehemu, wapate kuchukia silaha.

Kisha akaongeza onyo ambalo sisi tunaliona ni la mwalimu wa kweli: sanamu zisipambwe mno kwa dhahabu na fedha, watoto wasije wakazoea kuabudu dhahabu badala ya kumheshimu yule aliyechorwa. Kila katekista aliyefundisha watoto anajua maana ya neno hilo. Ukiwapa picha yenye kung'aa, wanatazama mng'ao.

Dominici aliwaza hasa sanamu za kuchorwa kwa mkono, za watu wenye mali. Lakini karatasi iliwafikisha wengine mahali palepale. Tuna mashahidi wawili waliochora nyumba zenye karatasi ukutani. Wa kwanza yuko Bruxelles, katika nyumba ya taifa ya picha za kale. Ni picha ya Malaika Gabrieli akimpasha Bikira Maria habari, ya wachoraji wa Tournai waliofuata mtindo wa Robert Campin. Chumba cha Maria ni chumba cha Flandria, chenye meko, na juu ya meko imebandikwa karatasi yenye Mt. Kristofa amembeba Mtoto Yezu. Mwenye akili atacheka: Mtoto hajatungwa bado mimba, naye tayari yuko ukutani! Mchoraji hakujali. Alichora chumba kama alivyokijua, na katika vyumba alivyovijua Kristofa alikuwa juu ya meko.

Shahidi wa pili ni Petrus Christus, mchoraji wa Bruges. Karibu na mwaka 1455 alimchora mama mmoja amepiga magoti anasali. Picha iko Washington. Nyuma ya mama, juu ya ukuta mtupu, kuna karatasi ya Mt. Elizabeti, mtawala aliyewalisha maskini, imetiwa rangi, na imebandikwa kwa matone ya nta nyekundu. Mama yule amevaa nguo nzuri, hakuwa maskini. Hata hivyo karatasi ya bei ndogo haikumwaibisha.

Sasa tumjie Campin mwenyewe, kwa maana ndipo penye utamu wa habari. Kati ya mwaka 1427 na 1432 hivi, karakana yake kule Tournai ilitengeneza picha ya mbao yenye milango miwili, ambayo leo iko New York. Ni ndogo, ya kuwekwa nyumbani, si ya altare kubwa ya kanisa. Katikati Bikira Maria anasoma kitabu, ameketi chini, ameegemea benchi. Juu ya meza kuna ua la yungiyungi ndani ya jagi, na mshumaa uliozimika sasa hivi, moshi wake bado unapanda. Ukutani ananing'inia chombo cha maji ya kunawia, na kando yake taulo. Malaika ameingia bila kelele, Maria hajainua hata macho. Na kupitia dirisha la mviringo mtoto mdogo sana anashuka katika mwanga, amebeba msalaba.

Kwenye mlango wa kuume yuko Mt. Yosefu katika karakana yake. Anatoboa matundu katika ubao. Mezani kuna nyundo, misumari, na kitu ambacho watu walikitazama miaka mingi bila kukielewa: mtego wa panya. Mwingine uko dirishani, mbele ya uwanja wa mji. Mwaka 1945 mtaalamu Meyer Schapiro aliueleza kwa mafundisho ya Mt. Augustino, aliyehubiri kwamba msalaba wa Bwana ulikuwa mtego, na shetani akanaswa nao. Basi seremala maskini anatengeneza mitego ya kuuza sokoni, na bila kujua anatengeneza alama ya ukombozi wetu. Wengine wamebisha maelezo hayo. Sisi tunayakubali, kwa maana hatuoni sababu nyingine ya mchoraji kuhangaika na mitego miwili.

Katika picha hii tunaona kitu kikubwa. Mambo ya nyumbani yalichongwa zamani kabla ya Campin: kwenye kanisa kuu la Amiens, tangu karne ya 13, mtu wa mwezi wa Februari anaota moto. Lakini sasa chungu, taulo, benchi na meko viliingia katika fumbo lenyewe. Katika picha nyingine ya mtindo uleule, iliyoko London, Bikira ananyonyesha mbele ya meko, na nyuma ya kichwa chake kuna kinga ya moto iliyosukwa kwa majani, ya mviringo, inayoshika mahali pa mwanga wa utakatifu. Mama wa Flandria aliyeitazama picha ile alikuwa na kinga kama hiyo nyumbani kwake. Akirudi jikoni angeitazama kwa macho gani?

Picha za Campin zilinunuliwa na wenye fedha. Ni shaba iliyozifikisha sura za namna ile mbali. Karibu na mwaka 1430, kandokando ya Rhine, wafua dhahabu walianza kupiga chapa kwa bamba la shaba. Walikuwa wamezoea kuchora maua na majina juu ya vikombe vya altare, na chombo chao kilikuwa kalamu ya chuma kigumu yenye ncha kali. Fundi huisukuma mbele katika shaba, nayo inachimba mfereji mwembamba kuliko unywele. Wino wa masizi na mafuta hupakwa juu ya bamba lote, kisha hupanguswa, ukabaki ndani ya mifereji tu. Karatasi iliyoloweshwa hulazwa juu yake, na vyote hupitishwa kwa nguvu katikati ya magogo mawili ya mashine. Karatasi hunyonya wino kutoka mferejini. Chapa ya kwanza ya shaba yenye mwaka wake ni ya mwaka 1446, sanamu ya Bwana akipigwa mijeledi. Bamba moja zuri hutoa mamia ya karatasi kabla ya mifereji kuchoka.

Sisi watu wa Katanga tunaijua shaba. Wazee wetu waliiyeyusha na kuimimina katika kalibu yenye umbo la msalaba, na misalaba ile ilikuwa mali ya biashara na ya mahari karne nyingi kabla ya Wazungu, wala haikuwa bado alama ya Kristu. Na mafundi wa Lubumbashi wanajulikana kwa kufua bamba la shaba kwa nyundo mpaka sura itokee, mama anatwanga, wavuvi katika mtumbwi, nazo zimetundikwa katika saloni nyingi. Tofauti ni hii: kwetu shaba yenyewe hupanda ukutani. Kwao shaba ilibaki karakana, karatasi ikasafiri.

Aliyesafirisha nyingi kuliko wote alikuwa Israhel van Meckenem, mfua dhahabu wa mji wa Bocholt, aliyekufa mwaka 1503. Kwa mkono wake zilitoka chapa zaidi ya 600, na sehemu kubwa aliziiga kutoka kwa mafundi wengine bila aibu. Alijua biashara. Alijichora hata yeye mwenyewe na mke wake Ida katika bamba moja, vichwa viwili bega kwa bega, karibu na mwaka 1490. Hatujui chapa ya kale kuliko hiyo yenye fundi na mkewe. Uso wa Ida ni wa mama mwenye umri, mtulivu, na kilemba chake kimefungwa vizuri. Tunaipenda sana sanamu hiyo.

Katika miaka yake ya mwisho Israhel alitengeneza pia sanamu kumi na mbili za mambo ya kila siku, kila moja na mume na mke au mwanamume na mwanamke. Mmoja anapiga kinanda cha kanisa na mke wake anakifulia upepo. Wengine wanacheza karata. Mwanamume amekuja kumtembelea mama anayesokota nyuzi. Hapa watakatifu wametoka, ni watu tu. Hizi ndizo sanamu za kwanza kwanza za nyumba ambazo mtu wa mji aliweza kuzinunua kwa ajili ya nyumba yenyewe, na chapa zake mpya juu ya alumini zinapendeza.

Lakini ndugu, tazama vizuri kabla ya kulipa. Katika sanamu moja ya kundi lile mke amemkamata mume, anampiga kwa kijiti cha kusokotea, na suruali iko chini sakafuni. Wote wawili wanaitaka, maana yake nani atatawala nyumbani. Watu walicheka sana kwa mambo ya namna hii, nao waliochora na kuuza walikuwa wanaume. Ukweli wa sheria za miji ile ulikuwa mwingine: mke aliyeolewa aliwekwa chini ya ulinzi wa mumewe, na mume kumpiga mkewe kwa kumrudi hakukuhesabiwa kosa. Sanamu imeupindua ukweli ili kuchekesha. Mtu akiitundika saloni leo kwa kuwa ni ya zamani, watoto wake wa kike watajifunza nini kutoka ukuta ule? Tunasema wazi, hiyo tusingeipokea.

Na bamba lilelile la shaba lilibeba hata uongo wa dini. Israhel alichapa sanamu ya Misa ya Mt. Gregori, na chini yake maandiko ya kuahidi rehema ya miaka 20,000 kwa mtu atakayesali mbele yake. Hakuna Papa aliyetoa rehema ya namna hiyo. Muuzaji alijua kwamba hesabu kubwa inauza karatasi nyingi, na watu wanyofu waliibandika karibu na kitanda. Tunaliandika jambo hili kwa huzuni, kwa maana biashara hizo zilileta matata makubwa katika Kanisa baada ya mwaka 1517.

Sasa tufike kwa wakubwa, kama tulivyoahidi. Sanamu inayoagizwa sana, na ambayo kila muuzaji anayo, ni ile ya mwezi wa Februari katika kitabu cha sala cha Jean, mtawala wa Berry, ndugu wa mfalme wa Ufaransa. Waliichora ndugu watatu wa Limbourg, wazaliwa wa Nijmegen, na mwaka 1416 wote watatu walikufa, na bwana wao vilevile. Theluji imefunika shamba. Nyumba imekatwa upande mmoja ili tuone ndani. Mama aliyevaa bluu ameinua nguo yake kidogo mbele ya moto. Nyuma yake wawili wengine wameinua nguo zao bila heshima yoyote, mpaka wauzaji wengine siku hizi wanawafuta au wanawafunika. Nje kuna kondoo zizini, mizinga ya nyuki, ndege wanaokota punje, mtu anakata kuni, mwingine anafukuza punda kuelekea kijijini. Ni kazi nzuri ajabu, hatukatai.

Walakini nani aliitazama? Haikutundikwa popote. Ilikuwa ndani ya kitabu cha ngozi, mikononi mwa bwana na wageni wake, na katika ukurasa wa Januari yeye mwenyewe anakaa mezani, na nyuma yake kinga ya moto kubwa ya mviringo. Wakulima wake wanaota moto kwa kuonyesha uchi, yeye anaota kwa heshima. Na huyo Jean alikuwa mtu gani kwa wakulima? Alitawala Languedoc kwa niaba ya mfalme, akawatoza watu kodi nzito. Kusini watu waliasi, na mwaka 1389 mfalme Charles wa 6 alimwondoa kazini kwa sababu ya malalamiko. Kodi zile zilinunua dhahabu na rangi ya bluu. Kitabu kiliwafikia watu wengi baadaye sana, baada ya bwana mmoja wa ukoo wa wafalme, mtawala wa Aumale, kukinunua mwaka 1856. Kiko Chantilly.

Tukumbuke sasa wachoraji wa Lubumbashi wa miaka ya 1970. Wafanyakazi wa mjini walinunua kwao picha walizoziita Colonie Belge: mfungwa amelazwa chini, anapigwa kiboko, na mzungu anasimamia. Walizitundika saloni, kando ya Mamba Muntu na picha za kijiji, kwa kuwa walitaka watoto wakumbuke. Picha ile ya mateso ilichorwa kwa ajili ya walioteswa. Februari ya Berry ilichorwa kwa ajili ya mwenye kodi. Mtu anaweza kuitundika, ila ajue anaketi katika kiti cha nani anapoitazama.

Kuna kitabu kingine cha sala ambacho sisi tungekwenda nacho kwa fundi wa alumini. Ni kile cha Katerina wa Cleves, mke wa mtawala wa Gelderland, kilichochorwa Utrecht karibu na mwaka 1440. Mchoraji wake hatujui jina. Katika ukurasa mmoja Familia Takatifu wako kazini: Maria anafuma, Yosefu analainisha ubao kwa randa, na Yezu anajaribu kutembea ndani ya kigari cha mti chenye magurudumu. Katika mwingine wameketi karibu na moto. Maria ananyonyesha. Yosefu amekaa katika kiti kilichokatwa kutoka pipa kuukuu, viatu vyake vya nyumbani miguuni, anakula uji kwa kijiko. Juu ya meko na ukutani viko vyombo vyote vya jiko, tena vimechorwa kwa uangalifu kana kwamba ni vyombo vya altare. Tunajua mapadri wachache ambao wangethubutu kumhubiri Yosefu akila uji.

Bibi Katerina mwenyewe hakuwa na nyumba ya namna ile. Alikosana na mume wake Arnold, wakaishi mbalimbali, na baadaye akamuunga mkono mtoto wao Adolf dhidi ya baba. Mwaka 1465 Adolf alimkamata baba yake akamtia gerezani. Kitabu kilikuwa mkononi mwa mama huyo miaka yote ile. Kila alipokifungua kwa sala aliweza kumwona baba anakula, mama ananyonyesha, mtoto anajifunza kutembea. Katika karne ya 19 mfanyabiashara mmoja alikitenganisha kikawa vitabu viwili apate bei mbili. Leo vyote viwili vimekutana tena, New York.

Anayeagiza sanamu hiyo, au nyingine yoyote katika tulizozitaja, amwambie fundi asiikate pembeni ili ienee ukuta, kwa maana mara nyingi wanakata, na kwa Campin mtego wa dirishani ndio hupotea wa kwanza. Tena nyuma ya bati aandike kwa wino usiofutika jina la mchoraji kama linajulikana, mji wake na mwaka. Mtoto atauliza, na siku atakayouliza pengine baba hayuko nyumbani.